Dadu Iliyoanguka Chini ya Mashine

Tarehe 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta juu ya kile kiti chako kinachoyumba, unamwambia mteja kwamba miwani haina kosa, pua yake ndiyo imepinda. Mimi sijambo. Kaka naye hajambo, bado yuko kwenye kiwanda cha mikate, amenenepa na anasingizia hamira. Mtoto wake ameota meno mawili na anamng'ata kila anayepita karibu. Tulimwonyesha picha yako akasema "Joba", tukampigia makofi kama aliyefaulu mtihani.

Nimehama. Sasa nakaa juu ya duka la vifaa vya shule. Kila asubuhi wanavuta mlango wao wa chuma, na unalia vilevile kama mlango wa karakana yako. Kabla sijafumbua macho vizuri huwa nadhani ni Jumamosi, na Mama yuko jikoni anatuhimiza tuvae viatu tusije tukachelewa kwako.

Hiyo Jumamosi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Unajua ofisini kwetu tunatengeneza programu za simu. Sasa tumepewa kazi ya kutengeneza moja ya kuwasaidia wanaocheza michezo kama ule wetu, ya kukaa mezani, kila mtu anakuwa mtu mwingine, mmoja anasimulia na dadu inaamua. Programu inarusha dadu, inatunza uhai wa kila mhusika, inachora ramani ya mlikopita, hata sauti ya mvua inaitoa mkiwa msituni. Bosi alisema kila mmoja wetu alete mchezo anaoujua, tuujaribie. Wenzangu walileta ya madukani. Mimi nimeleta Safari, yetu sisi, ya mezani kwako kati ya lensi na bisibisi.

Nimeshamwingiza Gogo, lile jitu la Kaka lililokuwa likiogopa kuku. Nimejiingiza mimi, Mshale, mpiga upinde aliyekosa shabaha miaka nenda rudi. Nimemwingiza pia Bi Ufunguo wa Mama, mfungua milango, mwenye mifuko kumi na hakuna aliyejua kilichomo hata kwenye mmoja. Hapo ndipo nilipokwama. Programu haihifadhi mhusika yeyote mpaka uchague kimoja kati ya viwili: Hai, au Amekufa.

Unakumbuka tulivyomwacha. Tulikuwa watu wazima tayari, Kaka ana ndevu zake, na bado tulikuwa tunagombania kiti cha karibu na dirisha. Bi Ufunguo yuko katikati ya daraja la kamba, kamba inakatika, na wewe, msimulizi wetu, nyuma ya lile pazia lako la boksi umesema kwa sauti yako nzito: "Kumi na mbili kwenda juu, anavuka. Chini ya hapo, tumuage." Mama akairusha dadu. Ikagonga koleo, ikadunda, ikaanguka na kubingirika mpaka chini ya mashine ya kusagia lensi. Tulilala chini wote kuitafuta, hatukuiona, tukainuka na vumbi mpaka masikioni. Mama alicheka mpaka akakohoa. Ukasema Jumamosi ijayo tutaisogeza mashine. Jumamosi iliyofuata Mama alikuwa hospitali, na baada ya hapo hatukuwa na Jumamosi nyingine.

Sasa ni miaka minne. Wewe ndiye Mwenye Pazia, nakuuliza wewe: Bi Ufunguo alivuka? Uniandikie pia sheria zetu, maana ninazokumbuka zina matundu. Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako ukiipokea unasema "Halo, nakusikia", kisha unakata.

Mpwa wako,
Nukta


Tarehe 1 Machi

Nukta wangu,

Marahaba. Kaka yako naye mpe marahaba yake, ingawa shikamoo yake sijaiona ndani ya bahasha. Mwambie hamira inatiwa kwenye unga, haitiwi mdomoni. Jina la Joba nimelipokea, ni zuri kuliko yale wanayoniita wateja.

Huku tupo. Fundi cherehani wa mlango wa pili amenunua redio kubwa kuliko kabati, na anapenda nyimbo zisizo na mwisho. Goti langu linatabiri mvua na kila siku linakosea. Macho mazima, chati ya herufi ya ukutani naisoma yote mpaka mstari wa chini kabisa. Ukiandika tena tumia kalamu nyeusi, na uandike makubwa, maana wino wa bluu siku hizi sijui wanauchanganya na maji.

Unaniuliza sheria kana kwamba nilikaa nikazitunga. Lile boksi la mchezo aliliacha mteja. Alikuja kuchukua miwani, akaivaa, akaduwaa kuona majani ya mti wa ng'ambo ya barabara, akatoka nje kuyatazama na mzigo wake akausahau. Nilimsubiri, hakurudi. Ndani mlikuwa na dadu moja ya pande ishirini, kitabu kilichochanika, na picha ya zimwi. Nilichoelewa nilikifuata, nisichokielewa nilikitunga. Ninyi mlikuwa wadogo, mnaamini kila kitu, na mama yako alikuwa anatafuta pa kuwaweka Jumamosi ili naye apumzike. Alikuja kuwaacha akakaa "dakika moja". Hiyo dakika ilichukua miaka.

Haya, andika. Anayekula wakati wa vita, mhusika wake naye kashika chakula, hana silaha. Anayemcheka mwenzake aliyekufa anakosa zamu. Mlango ukishagongwa hodi hauwezi tena kuvunjwa, ni utovu wa adabu hata kwa zimwi. Na dadu ikianguka chini hairushwi tena. Mmoja anashuka kuitafuta, isipoonekana wengine wanamsaidia, na anayeiona anasema "Nimeiona" na anataja namba. Huyo anaaminiwa. Haulizwi mara mbili, na hakuna wa kumfuata kule chini kwenda kuhakikisha. Hiyo sheria ni ya mama yako. Kwenye kitabu ukurasa wa dadu inayoanguka haukuwepo, na siku ya kwanza ilipoanguka mimi nilitaka nishuke mwenyewe nikaitazame. Akanikata jicho. "Sisi ni ndugu," akasema, "hatukaguani." Yeye mkubwa, mimi mdogo, ikaisha.

Sasa na wewe nieleze. Hiyo dadu yako ya kwenye simu inaanguka? Kama haianguki, mtu atapata wapi nafasi ya kuinama? Mambo mengi mazuri ya mchezo ule yalitokea wakati tunatafuta dadu. Kaka yako aliniambia kule chini ya meza kwamba hataki tena shule ya ufundi, anataka kuoka mikate. Juu ya meza asingethubutu.

Hilo jingine uliloniuliza nitalijibu nikitulia. Sasa hivi kuna mtu amekalia miwani yake.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kalamu nyeusi hii hapa, na herufi kubwa kama za tangazo la duka. Umeridhika? Kaka anasema haoni kosa lake, alidhani shikamoo yangu inatosha kwa watu wawili. Mtoto ameota jino la tatu. Bosi ameipenda Safari, na mchoraji wetu amemchora Gogo akimkimbia kuku. Kaka amelipenda hilo jitu, analionyesha kiwandani kama mwanawe.

Jumapili tulijaribu, mimi huku na Kaka kule, kila mtu na simu yake. Nisiseme uongo, mengi ni mazuri. Uhai wa Gogo, ile namba tuliyokuwa tukiiandika kwa penseli, haufutiki tena kwa kiwiko cha mtu. Ramani inajichora yenyewe, siyo kama zako, za mito inayopanda milima. Lakini Kaka hakufurahi. Unabonyeza, namba imeshatoka. "Hainipi hata muda wa kuomba," alisema. Unakumbuka alivyokuwa akiitikisa dadu mkononi, akiipulizia, akiibembeleza, mpaka Mama anamwambia, "Irushe basi, au unataka kuioa?"

Na kuanguka, hapana, haianguki. Swali lako nimeliwaza wiki nzima. Nimekumbuka kwamba Mama ndiye aliyekuwa akiwahi kushuka, hata dadu ikiangukia miguuni kwangu. Anapotea chini ya meza, tunaona soli za viatu vyake tu, halafu sauti: "Nimeiona! Kumi na saba!" Mshale aliokoka kwenye moto kwa kumi na saba. Gogo alitoka tumboni mwa zimwi kwa kumi na saba. Anaibuka na utando wa buibui kwenye nywele, anajipangusa, anaomba chai. Mama alikuwa na bahati ya ajabu chini ya ile meza.

Lakini hujanijibu, Mjomba. Sasa nimepata njia. Ofisini tuna kile kitabu kizima, chenye kurasa zote, na huo ukurasa wako uliochanika nimeusoma. Unasema waziwazi: dadu ikianguka nje ya meza haihesabiki, irushwe tena. Kwa hiyo hatuihitaji ile iliyo chini ya mashine. Nibonyeze mara moja tu kwa niaba ya Mama, tujue, tumalize. Nipe ruhusa tu. Mwisho wa Aprili natakiwa niwe nimewahifadhi wahusika wote.

Nukta


Tarehe 5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata neno lako tangu Machi. Nilipiga simu, akapokea fundi cherehani, redio ikiunguruma nyuma yake, akasema umelala. Mchana, Mjomba? Wewe uliyekuwa ukisema usingizi wa mchana ni wa paka na matajiri?

Kama nimekukosea niambie. Kama ni goti, niambie pia. Aprili imepita na Bi Ufunguo bado yuko darajani.

Nukta


Tarehe 29 Mei

Nukta,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Kulikuwa na mambo.

Karakana naifunga mwisho wa Juni. Chumba anakichukua msusi, ameshapima pa kuweka vioo vyake. Vumbi la lensi limenichosha, basi, hakuna kingine, na usimtume Kaka yako anipigie kunihoji. Kile kiti nampa fundi cherehani, ana uzito wa kukituliza. Chati ya herufi namwachia msusi, anadhani ni pambo.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilinikera. Nimesubiri kero ipoe, haijapoa. Dadu ya mama yako hairushwi na simu. Sijali hicho kitabu kina kurasa ngapi, hakikukaa na sisi. Alishairusha kwa mkono wake, imeshatua, na namba yake iko kule chini tangu siku ile. Huwezi kuirusha tena kana kwamba yeye hakuirusha.

Na hiyo unayoiita bahati! Umesoma mpaka wapi wewe? Dadu ina pande ishirini, lakini mama yako akiinama chini ya meza yangu ilikuwa na upande mmoja tu. Nilikuwa nyuma ya pazia nauma midomo nisicheke. Mara moja ilisimama karibu na kiatu changu nikaiona mwenyewe, mbili. Yeye akasema kumi na saba. Akainuka, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama tulipokuwa wadogo na mimi nataka kumsemea kwa baba. Nikasema, "Mshale ameokoka." Ningefanyaje? Alikuwa hawezi kuvumilia mwanawe afe hata kwa mchezo, na sheria ilikuwa yake.

Kwa nini sijaisogeza mashine miaka yote hii ni jambo ninalotaka kukueleza vizuri, kwa hiyo kaa chini usome. Siku ile mnaondoka, mama yako alirudi mlangoni peke yake, akaniambia


Tarehe 7 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za meno wala za mikate.

Barua yako inaishia kwenye neno "akaniambia". Kutoka hapo kalamu imeishiwa wino. Umeendelea kuandika mpaka chini ya ukurasa, na nyuma yake kote, na sahihi ukaweka. Nimeushika dirishani, nimeuinamisha huku na huku, naona mikwaruzo tu, mistari imepandana, hakuna ninachoweza kusoma. Umekunja karatasi nusu tupu ukaitia kwenye bahasha ukaipeleka posta.

Mjomba, huoni. Tangu lini? Na usiniletee ile chati. Umeitundika pale kabla sijazaliwa, umewasomesha watu kila siku ya Mungu, ungeisoma hata ukiwa umefungwa kitambaa. Nililia, halafu nikakukasirikia, halafu nikampigia Kaka, naye akalia katikati ya kiwanda na unga kwenye nyusi. Tunakuja wote wawili Jumamosi ya mwisho ya Julai. Utakwenda kwa daktari wa macho utake usitake. Maisha yako yote umewavalisha watu miwani na kuwaambia si aibu. Kwako imekuwa aibu lini?

Na mimi nina langu. Nilipokuomba ruhusa mwezi wa tatu nilikuwa nimeshabonyeza. Nilijiambia najaribu tu. Ikatoka tatu. Programu ikaandika, kwa zile herufi nzuri alizozichora mwenzangu: Bi Ufunguo amekufa. Hifadhi? Nikaigeuza simu kifudifudi mezani, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sijahifadhi mpaka leo. Bosi akiuliza namwambia nasubiri jibu la msimulizi. Ndiyo maana nimekusumbua hivi, nilitaka uniambie kitu kingine, chochote kisichokuwa tatu. Nina hamu na Mama, Mjomba. Siwezi kumzika mara ya pili, tena kwa kidole changu mwenyewe.

Kuna mawili nimeyaongeza kwenye programu. Sasa inasema: inasoma namba kwa sauti, inataja uhai wa kila mtu, inaeleza ramani kushoto na kulia. Hilo nimelifanya wiki hii, unajua kwa ajili ya nani. La pili ni kitufe kinachoitwa Imeanguka Chini. Ukikibonyeza, programu haitoi namba yoyote. Inauliza nani ameiona, na inaandika atakachokisema huyo. Mchoraji alisema watu watadanganya. Bosi akaniuliza nini kitawazuia. Nikamwambia hakuna. Akafikiri kidogo, akasema tukiache.

Niandikie tena alichosema Mama pale mlangoni. Tumia kalamu yoyote, hata mkaa.

Nukta wako


Tarehe 3 Julai

Nukta wangu,

Marahaba, marahaba. Hii ni kalamu ya kuandikia maboksi, nimeinusa kwanza kuhakikisha ina wino. Naweka rula chini ya kila mstari na kuisogeza. Kila ukurasa unabeba maneno machache, kwa hiyo usione bahasha nene ukadhani nimekutumia shati. Barua zako ananisomea fundi cherehani, na kwa heshima yako anazima redio. Hiyo ya kuosha vyombo visafi ilimtoa machozi, sasa anataka kujua Bi Ufunguo ni nani na kama ameolewa.

Ni kweli. Katikati pamefutika, pembeni pamebaki. Nikimtazama mtu usoni naona masikio yake tu. Ilianza polepole, mwaka juzi. Niliwakatalia wateja wa lensi ndogo, nikasema vipuri havipatikani. Sikuwaambia ninyi kwa sababu fundi miwani asiyeona ni kichekesho, na mimi nimezoea kuchekesha, sijazoea kuchekwa. Njooni. Kwa daktari nitakwenda, ila asinisomeshe chati.

Alichosema mama yako ni hiki. Ninyi mlikuwa mmeshafika barabarani, Kaka yako anaimba. Akarudi, akashika mlango, akasema: "Msiitafute bila mimi." Akacheka, akaenda. Alijua kwamba Jumatatu anakwenda hospitali, mimi sikujua. Basi nikaiacha. Watu waliniuliza kwa nini sifagii kule chini, nikawa nasema mashine nzito. Haikuwa nzito kiasi hicho. Nilikuwa namsubiri dada yangu, nikijua hawezi kuja, na bado nasubiri. Uliponiuliza kama alivuka, nilikosa la kukujibu kwa sababu nami kila asubuhi nilikuwa nikiingia karakana namkuta pale pale darajani, na nilishaanza kupenda kumkuta.

Juzi walikuja wabebaji kuichukua mashine. Nikawaomba waisogeze, kisha wakanywe chai nje. Nikapiga magoti, goti likanitukana. Nikapapasa. Kulikuwa na vumbi, skrubu, mkono mmoja wa miwani, kifuniko cha kalamu, na yenyewe, imejibana pembeni ya ukuta. Nikasema, dada, nimesubiri ya kutosha, leo nainama mimi. Nililia kule chini mpaka mbebaji mmoja akachungulia kuuliza kama nimeumia.

Nimeiona. Kumi na saba.

Nimeiokota, nimeifuta, iko mfukoni mwa shati langu. Kwa hiyo msije mkaanza upelelezi.

Mjomba wako,
Mwenye Pazia


Tarehe 12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hii ya pili ni ya Kaka, amesema niiandike waziwazi: shikamoo. Mtoto sasa anatembea hatua chache na kukaa chini kwa hasira. Mpe salamu fundi cherehani, mwambie Bi Ufunguo hajaolewa lakini ana mifuko mingi.

Barua yako nilimsomea Kaka kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa. Tulipofika mwisho akauliza: "Zile namba ni ndogo kama punje, chini kule giza, na yeye uso wa mtu hauoni. Sasa ameionaje?"

Nikamwambia sisi ni ndugu, hatukaguani.

Halafu nikamsikia anacheka, halafu anapenga kamasi.

Tunakuja Jumamosi ile niliyosema. Kwanza kwa daktari, halafu mezani kwako nyumbani. Kaka ameshakata boksi la mikate kuwa pazia, linanuka hamira. Wewe utakaa nyuma yake usimulie kama zamani, ramani na uhai tutaiachia simu ikusomee. Dadu tutairusha kwa mkono, hiyohiyo ya mfukoni mwako, na ikianguka atashuka atakayewahi.

Leo asubuhi, wakati wanavuta mlango wa duka hapa chini, nilifungua programu. Ile tatu nikaifuta. Nikabonyeza Imeanguka Chini. Ikauliza: nani ameiona? Nikaandika: Mjomba. Ikauliza: ngapi? Nikaandika kumi na saba.

Haikuuliza kingine. Mama amevuka, Mjomba. Anatusubiri ng'ambo ya daraja.

Nukta